Dole la Kushoto

Dukani, 16 Februari

Baba Chiriku,

Za huko machimboni? Sisi huku tunapumua, hatujambo. Mashine ya fotokopi ilikataa kazi wiki nzima. Fundi alipoifungua akatoa mjusi mkavu ndani, na mwenye duka akasema mjusi nimemfuga mimi. Nikamwambia basi nilipe na chakula chake. Mguu wako vipi? Na Chiriku wangu, bado anaongea mpaka usingizini? Mwambie mama yake mdogo anamsalimu na anataka kujua kama lile jino limetoka.

Sasa niseme kilichonikalia kooni.

Unajua duka letu linatazamana na ofisi ya uchaguzi. Mashine yao ilikufa zamani, kwa hiyo karani wao, yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, huleta karatasi zao kwangu. Juzi alileta orodha ya watu waliomchangia pesa mgombea, yule Mheshimiwa wa mabango ya njano. Sheria inataka orodha ibandikwe ukutani watu waione. Alitaka nakala tatu. Mimi huwa sisomi. Ningekuwa nasoma kila kinachopita mkononi mwangu, saa hizi ningekuwa jaji. Lakini karatasi ya nne ilikwama, nikaivuta, nikaona jina la dada.

Majina yake yote matatu. Namba ya kitambulisho. Kazi: mgonga kokoto. Amechanga tarehe ishirini Januari.

Baba Chiriku, dada alifariki Agosti. Mchanga nilitupa kwa mkono wangu.

Juu yake kuna jina lako. Na juu yako na chini yake ni watu wa machimbo yenu, nimehesabu mia na arobaini. Wote kiasi kimoja. Kiasi hicho nakijua, kiko kwenye tangazo mlangoni kwao: ndicho kikomo. Mtu mmoja haruhusiwi kumpa mgombea zaidi ya hapo, hata awe na mlima wa pesa. Ni mshahara wako wa miezi minane. Wewe uliutoa wapi? Na yeye aliutoa wapi, chini ya udongo?

Nijibu. Mpe Breki, dereva wa lori, yule waliyempa jina la kitu ambacho lori lake halina. Kila Ijumaa anashusha kokoto nyuma ya duka.

Mimi wa fotokopi.


Machimbo, 3 Machi

Shemeji,

Salamu nimepata. Mguu upo. Jino limetoka, amelitupa juu ya bati. Bado anaongea. Mvua imeangusha choo cha safu ya pili ya nyumba. Sisi ni safu ya tatu, kwa hiyo sasa tunachangia choo na safu ya pili.

Hiyo orodha iache.

Mwezi wa kwanza nyapara alitupanga foleni tuweke dole kwenye karatasi. Alisema ni viatu vya kazi. Viatu havijaja. Ndiyo hivyo.

Jina la dada yako sijui. Karani alikosea labda.

Usiandike tena juu ya hilo. Kalamu ni nzito kuliko nyundo.

Mimi wa machimbo.


Dukani, 11 Machi

Baba Chiriku, shemeji yangu bubu,

Barua yako nimeipokea, yote, nusu ukurasa. Breki alisema umeiandika siku tatu. Asante kwa habari za choo.

Mwenye duka anaumwa mgongo, nafungua na kufunga mimi. Chumba changu kinavuja pale pale kwenye kitanda, nimekisogeza, sasa mlango haufunguki mpaka mwisho. Naingia kwa ubavu kama kaa.

Turudi pale pale. Miaka kumi na moja nimekujua. Wewe ukisema hujui, unajua. Ulipokuwa hujui kweli ulikuwa unamuuliza dada.

Nyinyi mlidanganywa na viatu, sawa, hilo naelewa, mtu asiye na viatu hadanganywi kwa kofia. Lakini yeye hakuwa kwenye foleni. Kuna mtu aliweka dole badala yake. Nani? Nyapara? Mtoto wa huyo Tajiri wenu mwenye machimbo? Wameona aibu ya kumlipa alipokuwa hai, wakaona wamlipishe akiwa maiti?

Karatasi iliyokwama ninayo. Ina mkunjo katikati lakini inasomeka, nimeiweka chini ya godoro. Yule mgombea mwingine, wa mabango ya bluu, watu wake hukaa hapa nje wakipiga soga. Nikiwapa, wataipokea kwa mikono miwili. Lakini kwanza nataka kumjua aliyemuibia dada yangu jina. Niambie tu. Sitamtaja mtu aliyeniambia.

Mbusu Chiriku kwenye pengo.

Mimi wa fotokopi.


Machimbo, 29 Machi

Shemeji,

Salamu. Chiriku alikuwa na homa, imeshuka. Pole ya mvua.

Hakuna aliyeiba. Ni mimi.

Wewe hujakaa hapa, hujui. Kuna kadi mbili. Kadi ya mmoja na kadi ya wawili. Wa kadi ya mmoja analala bweni. Wanaume thelathini, mtoto haruhusiwi. Wa kadi ya wawili, mume na mke, wanapewa nyumba. Vyumba viwili. Lakini boksi mbili za kupimia zijae kokoto kila siku. Moja lako, moja la mkeo, limeandikwa jina. Boksi likilala tupu siku tatu mfululizo, mwenye jina anafutwa kwenye daftari, nyumba inakwenda kwa wengine.

Wiki ya mazishi sikwenda kusema. Nilisema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu nikajaza boksi langu. Nikaangalia la kwake. Nikalijaza.

Mpaka leo. Asubuhi nyundo yangu, mchana nyundo yake. Mpini wake mwembamba, unanichubua.

Nyapara anajua. Alibeba jeneza, upande wa miguu. Hakusema kitu. Nikaona ni mtu mwema.

Mwezi wa kwanza kwenye foleni alinishika mkono. Akasema, dole lako. Nikaweka. Akasema, sasa la mkeo. Nikamwangalia. Akasema, viatu vyake hutaki?

Nikaweka la kushoto.

Kulia mimi, kushoto yeye. Kitambulisho chake kilikuwa ofisini tangu alipoandikishwa kazi. Sikukidai.

Usiipeleke karatasi. Ukiipeleka unanipeleka mimi. Mtoto ataenda wapi.

Mimi wa machimbo.


Dukani, 6 Aprili

Baba Chiriku,

Nashukuru homa imeshuka. Mchemshie maji ya kunywa, usiniambie kuni hakuna.

Barua yako nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena.

Miezi minane umemgongesha mawe mtu aliyelala. Alikufa anakohoa vumbi, na wewe ukamrudisha vumbini. Nikikaa nafikiri boksi lenye jina lake limejaa kila jioni, watu wanapita wanaliona, natamani kupiga kelele.

Haya, nimemaliza. Nilikuwa nimeandika mengine, nimeyachana.

Sikiliza. Umenieleza kwa nini, na sababu yenyewe ina pengo mdomoni, siwezi kuigombeza. Lakini angalia walichokufanya. Tajiri wenu kwa sheria ana mkono mmoja kama mimi na wewe. Pesa zake zimezidi mkono mmoja, akaazima yenu. Sasa ana mikono mia na arobaini, na mmoja uko kaburini. Unajua anachonunua? Karani kaniambia kama utani. Mheshimiwa wa njano akipita, malori ya kokoto hayatalipa ushuru wa barabara. Basi. Na wewe huna hata viatu.

Nina shauri moja. Mlete Chiriku kwangu. Chumba ni kimoja, ndiyo, tutaingia kwa ubavu wawili. Kisha nenda kwa nyapara useme mke wangu amekufa. Sentensi moja, shemeji, wewe hupendi ndefu.

Karatasi sijaipeleka. Si kwa ajili yako.

Mimi wa fotokopi.


Machimbo, 2 Mei

Shemeji,

Salamu. Nimechelewa.

Chiriku haji. Ni yeye tu aliyebaki.

Kuna jambo. Yule wa mabango ya bluu aliisoma orodha ukutani. Alishangaa wagonga kokoto wote wamefika kikomo. Amelalamika. Ofisi ya uchaguzi inatuma karani tarehe 21 amuone kila mtu aliyechanga, na kitambulisho chake.

Nyapara aliniita. Alinipa chai. Hajawahi.

Akasema, mkeo yuko wapi?

Nikasema unajua.

Akasema, mimi najua kwenye daftari yupo, jana alijaza boksi.

Nikashika kikombe. Akasema, ana mdogo wake, nilimwona kwenye mazishi, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Aje dakika tano. Asimame, aseme ndiyo, aondoke.

Nikasema hapana.

Akasema, sawa. Basi waje waulize dole la maiti liliwekwa na nani. Mimi sikuweka. Tajiri hakuweka. Maji umeyavulia nguo mwenyewe, yaoge.

Chai niliinywa. Sijui kwa nini niliinywa.

Akasema nikang'oe kibao makaburini, karani asije akapita njia ile akasoma. Nimeking'oa. Kilikuwa kimeshika, udongo umekauka. Kiko chini ya kitanda.

Chiriku nimemwambia akiulizwa aseme mama kasafiri. Alinitazama tu. Ana siku nne hajaongea. Mwalimu wake ameuliza kama anaumwa.

Sikuombi. Nakuambia alichosema nyapara.

Mimi wa machimbo.


Dukani, 9 Mei

Baba Chiriku,

Mwenye duka ameamka, mgongo umenyooka, ulimi ndio umepinda. Nimemuomba siku mbili.

Lori linarudi tupu Ijumaa tarehe ishirini. Nakuja kumwona mtoto. Mengine nitayajua nikifika.

Makarani pale wako sita. Sijui watamtuma yupi, na sikuuliza, nisije nikakumbusha watu sura yangu.

Usinipikie. Usiniite kwa jina lolote.

Mimi wa fotokopi.


Machimbo, 27 Mei

Shemeji,

Umeondoka bila kuaga. Natumaini ulifika. Breki alisema hukuongea njia nzima.

Mimi niliulizwa maneno mawili. Ulichanga? Ndiyo. Pesa zako? Ndiyo. Karani hakuniangalia. Nilimaliza kabla jasho halijakauka.

Viatu vilikuja asubuhi ile. Vipya, vina harufu ya duka. Tulivaa. Mimi navaa saba, walinipa tisa. Jioni vilipakiwa kwenye gari vikaondoka. Mgonga kokoto mmoja wa safu ya kwanza alisema, hata bwana harusi wa kuazima hukaa mpaka chakula kiishe. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, lakini ni kweli.

Nilikuona umechukua kitambaa cha dada yako msumarini ukajifunga. Nikasema moyoni basi. Ukaingia ofisini, mlango ukafungwa. Ulikaa muda mrefu kuliko wengine. Ukatoka, ukapita kando yangu, ukapanda lori.

Nyapara alinipiga begani. Akasema, mkeo mtulivu.

Ulisema nini ndani?

Chiriku alikuwa dirishani. Ulipopita akasema, mama mdogo anatembea kama mama. Ndilo neno la kwanza wiki tatu. Baada ya hapo kimya tena.

Kitambaa umeondoka nacho. Kaa nacho.

Niambie ulichosema.

Mimi wa machimbo.


Machimbo, 20 Juni

Shemeji,

Hujajibu. Breki anasema uko dukani, mzima.

Kura zimepita. Wa njano ameshinda. Tajiri alitoa soda, chupa moja watu wawili. Kwa kuwa mimi ni kadi ya wawili nilipewa nzima. Watu waliniangalia.

Nijibu.

Mimi wa machimbo.


Dukani, 12 Julai

Baba Chiriku,

Mimi ni mzima. Mashine nzima, mwenye duka mzima, paa linavuja. Nilikuwa sina la kuandika, nikaona afadhali nisiandike kuliko kukuandikia habari za mjusi.

Umeuliza nilisema nini ndani. Kwanza usinifanye malaika. Nilikuja kusema uongo. Kitambaa nilikivaa kwa kazi hiyo. Usiku ule nililala na Chiriku kwenye kitanda cha dada, mkono wangu ukaning'inia chini ukagusa ubao. Nikajua ni nini. Asubuhi bado nilikuwa nimeamua kusema ndiyo. Nimwone mtoto anakosa pa kulala? Nikasema potelea mbali, dada mwenyewe angesema ndiyo.

Nikaingia. Na aliyekaa mezani ni nani? Miwani ya uzi.

Akasoma jina la dada kwenye daftari. "Ndiye wewe?" Kisha akainua macho. Akasema, "Wewe si wa fotokopi?"

Shemeji, ukikamatwa na uongo mdomoni kabla hujautema, unakuwa na ladha mbaya ajabu. Nikasema ndiyo, ndiye mimi. Huyo uliyemwandika ni dada yangu. Alifariki tarehe mbili Agosti mwaka jana. Kitambaa hiki ni chake. Pesa hizo hakuwahi kuziona hata kwenye ndoto.

Nikajisikia mwepesi. Nikasema sasa yameisha, wafunge wa kufungwa, mtoto namchukua mimi.

Karani akavua miwani, akaifuta kwa tai. Nyapara alikuwa nje ya mlango, kivuli chake nilikiona chini. Karani akashusha sauti. "Unajua nimekuja na gari gani?"

"Nitajuaje?"

"Gari la Tajiri. La ofisi halina mafuta tangu mwezi wa tatu. Na nitarudi nalo hilo hilo."

Nikasema hilo halinihusu, andika amekufa.

"Nikiandika amekufa, lazima niandike dole ni la nani. Humu ndani kuna madole mia na arobaini, mama. La Tajiri halimo. Nitamfunga nani? Nitamfunga shemeji yako, na aliyemfuata kwenye foleni, na aliyemfuata. Tajiri atakuja kuwatolea dhamana, magazeti yampige picha."

Kisha akaandika YUPO. Herufi kubwa. Anaandika vizuri, huwezi kumkataa. Akanigeuzia daftari nitie saini. Mikono nikaificha nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Hakunigombeza. Akatia alama mwenyewe, akafunga daftari. "Pole kwa msiba," akasema. Hivyo hivyo. Pole kwa msiba, na kuandika yupo, mkono mmoja.

Kwa hiyo nyapara wako alisikia kimya akadhani ni utulivu.

Bado. Wiki iliyofuata alikuja dukani na ripoti. "Majina yote yamehakikiwa." Nakala tatu. Mwenye duka alikuwa amesimama pale. Nilizitoa, Baba Chiriku. Tatu, safi, hakuna iliyokwama. Moja iko ukutani pale ng'ambo, naiona sasa hivi nikiandika, na kando yake tangazo la kikomo, ambalo pia nililitoa mimi. Sheria ipo. Haikufichwa. Mvua haiifikii, wameiwekea nailoni.

Karatasi yangu yenye mkunjo haina kazi tena. Nikimpa mtu atasema, mbona ofisi imehakiki?

Basi ndiyo hivyo, kama unavyopenda kusema. Nilisema ukweli na haukutoka nje ya kile chumba. Sikujua kuwa inawezekana.

Chiriku bado ana nafasi kwa ubavu.

Mimi wa fotokopi.


Machimbo, 4 Agosti

Shemeji,

Salamu. Mguu upo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilidhani ulisema ndiyo. Nilikuwa nimekwisha kukushukuru moyoni, na kukuchukia kidogo. Nisamehe vyote viwili.

Tarehe 1 nilikwenda kwa nyapara na kadi. Nikasema, mfute mke wangu. Niandike kadi ya mmoja.

Akacheka. Akasema, umeshiba?

Nikasema amekufa, nimekuja kusema. Sentensi moja kama ulivyotaka.

Akaacha kucheka. Akasema, hafutiki. Amehakikiwa na ofisi ya uchaguzi. Akifa leo wataanza kuuliza alikufaje, lini, nani alimzika. Mpaka watu wasahau huyu ni mzima. Miaka miwili hivi. Na kuna uchaguzi mwingine wa halmashauri, Tajiri ataomba madole tena.

Nikasema sitaki nyumba.

Akasema, nyumba unayo. Rudi kagonge. Boksi mbili.

Nikarudi. Nikagonga boksi mbili. Kwanza nilidanganya nipate nyumba. Sasa nimeirudisha nyumba, uongo umebaki.

Tarehe 2 ilikuwa mwaka wake. Nilitoa kibao chini ya kitanda. Chiriku aliniona. Akashika upande mmoja, mimi mmoja. Tulipita mbele ya ofisi, mbele ya safu zote tatu, saa nne asubuhi, watu wamesimamisha nyundo. Nimekichimbia. Nimeshindilia kwa mawe. Tarehe yake inasomeka.

Chiriku akauliza, "Sasa mama amerudi safari?"

Nikasema, hakusafiri. Baba alisema uongo.

Akasema, "Nilijua." Halafu akaanza kuongea. Njia nzima, shemeji. Habari za mwalimu, za kuku wa safu ya kwanza, za jino. Kichwa kiliniuma. Nilitamani asiache.

Tarehe 3 nilijaza boksi langu. La kwake sikugusa. Nyundo yake nimeiweka ndani ya nyumba.

Jioni wapimaji walipita. Boksi langu, wakaandika. La kwake wakasimama. Mmoja akasema, mama Chiriku leo hakuja? Nikasema hakuja. Waliangaliana. Wote walikula pilau ya msiba wake.

Usiku nyapara alituma mtu amjazie. Asubuhi nilikuta limejaa. Nikalimwaga. Akaja mwenyewe. Akasema, wewe unataka nini?

Nikasema, kanuni ni ya Tajiri. Siku tatu tupu, jina linafutwa. Andika.

Akasema, nitakufukuza. Nikasema, ukinifukuza, mke wangu naye? Na yeye ni mfanyakazi mzuri. Watu walicheka. Safari hii nilicheka na mimi.

Sijui watanifanya nini. Labda bweni. Labda polisi, dole la kushoto ni langu, nitawaonyesha. Labda watajaza tena. Kwa hiyo siondoki hapa. Barua hii naiandika nimekaa juu ya boksi lake, ndiyo maana mwandiko umepinda. Wa safu ya kwanza ameniletea uji hapa hapa. Amekaa.

Chiriku anakuja na Breki kesho. Nimemfungia nguo zake kwenye shuka la dada yako. Mpokee. Ataongea sana, mvumilie. Kama ile karatasi yenye mkunjo bado unayo, usiitupe.

Wapimaji wanakuja sasa, nawaona kule mwisho wa safu.

Boksi liko tupu. Leo ni siku ya pili.

Mimi wa machimbo, kadi ya mmoja.